Siku ya Bahari Mtwara na Lindi: Mwongozo Kamili wa Kurudi na Simu, Hela na Vitambulisho Vyako

Kila zikipita Idi, Pasaka na Krismasi, ninaulizwa maswali yaleyale. Mtu kaenda ufukwe wa Msimbati na familia, au kashuka ule wa Shangani jioni na wenzake, karudi hana simu. Mwingine kachomolewa pochi wakati wa kupanda pantoni ya Msangamkuu, na kabla hajafika polisi hela zake za kwenye simu nazo zimeshaondoka. Ukiwauliza ilikuwaje, wote wanajibu: "Tulikuwa tunaangalia vitu."

Hapo ndipo kosa lilipo. "Tulikuwa tunaangalia" maana yake hakuna aliyepewa kazi ya kuangalia. Kwa ninavyowaona, vibaka wengi wa fukwe zetu hawaji na mpango mkubwa. Ni mtu anapita, anaona begi limekaa peke yake, anaondoka nalo. Anachohitaji ni dakika moja ambayo kila mmoja wenu anadhani mwenzake ndiye anayetazama. Hatua zilizo hapa chini zinaiondoa dakika hiyo, na zinapunguza hasara endapo itatokea.

Mwongozo unamfaa anayetoka Dar, Masasi au Songea kuja kupumzika, na mgeni wa Kenya, Uganda au Komoro ambaye huku kwetu ni ugenini kabisa.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Simu ya kitochi (ile ndogo ya vitufe) yenye laini ya mtandao uleule wa laini yako kuu. Sababu utaiona hatua ya 8. Hii ndiyo itakayoshuka ufukweni.
- Karatasi mbili zenye maandishi yaleyale: namba za IMEI (namba za utambulisho wa simu) za simu yako kubwa, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) au ya pasipoti, namba ya huduma kwa wateja ya benki yako, na namba za ndugu wawili. Moja abaki nayo mtu nyumbani, nyingine ikae gesti.
- Nakala ya kitambulisho au pasipoti. Kitambulisho chenyewe hakiendi kwenye mchanga.
- Hela taslimu za siku hiyo tu, katika noti ndogo. Noti za elfu moja, elfu mbili na elfu tano. Ukitoa noti ya elfu kumi kununua korosho za elfu mbili, muuzaji ataanza kuzunguka kutafuta chenji, na pochi yako itakuwa imeshaonekana na nusu ya ufukwe.
- Ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ya lita 10 au 20. Vitu vyote vya kundi vinaingia humo. Haipitishi mchanga, haibebwi kwa siri kirahisi, na mlinzi anaikalia.
- Mfuko wa simu usiopitisha maji, wenye kamba ya shingoni. Ujaribu nyumbani: tia karatasi kavu ndani, uzamishe kwenye beseni kwa nusu saa. Karatasi ikilowa, mfuko huo haufai.
- Filimbi na tochi ndogo.

Acha nyumbani dhahabu, kompyuta mpakato, na kadi zote za benki isipokuwa moja.

## Hatua ya 1: Ifunge simu na laini kabla hujaondoka nyumbani

Hatua hii ndiyo wengi wanairuka, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Simu ikiibwa umepoteza simu. Simu isiyofungwa ikiibwa, umepoteza simu, hela, akaunti, na jina lako mbele ya ndugu watakaotapeliwa kwa namba yako.

Weka namba ya siri ya kufungulia simu yenye tarakimu sita. Mchoro wa kuburuta kidole huacha alama kwenye kioo, hasa mikono ikiwa na mafuta ya samaki.

Weka namba ya siri kwenye laini yenyewe. Wengi hawajui kama kitu hiki kipo. Mwizi akishindwa kufungua simu yako huchomoa laini, huipachika kwenye simu nyingine, na kuanzia hapo jumbe zote zenye namba za uthibitisho zinaingia kwake. Laini ikiwa na namba yake ya siri, ikihamishiwa simu nyingine inadai namba hiyo kwanza. Ingia kwenye mipangilio ya usalama ya simu, tafuta sehemu ya kufunga laini, uiwashe, kisha badilisha namba iliyokuja na laini uweke ya kwako.

*Tahadhari:* ukikosea namba hiyo mara tatu laini inajifunga na itadai namba ya PUK, yaani namba ya kuifungulia laini iliyojifunga. PUK huandikwa kwenye kadi kubwa ambayo laini ilibanduliwa. Kama kadi hiyo uliitupa, pita kwanza kwenye duka la mtandao wako wakupe PUK, ndipo uanze.

Badilisha namba ya siri ya pesa. Kama ni mwaka wako wa kuzaliwa, au tarakimu za mwisho za namba yako ya simu, ibadilishe leo. Fikiria pochi na simu vimeondoka pamoja: kitambulisho kina tarehe yako ya kuzaliwa, na mwizi anajua kusoma.

Zuia jumbe zisionekane kioo kikiwa kimefungwa. Namba ya uthibitisho ikitokea juu ya kioo, kufunga simu hakujakusaidia kitu.

Andika IMEI. Piga *#06#, itatokea namba ya tarakimu 15. Simu ya laini mbili hutoa namba mbili, andika zote. Polisi watakuuliza namba hizo, na mtu asiyekuwa nazo hubaki kueleza rangi ya kava.

Washa huduma ya kutafuta simu, ya Google kwa Android au ya Apple kwa iPhone, kisha ijaribu ukitumia simu ya mwenzako. Hakikisha nywila ya akaunti hiyo unaikumbuka kichwani. Wengi hugundua hawaikumbuki siku ambayo simu iliyoihifadhi haipo.

Punguza salio. Hela ya gesti, nauli ya kurudi na akiba irudishe benki, au gawana na mwenzako. Kwenye laini utakayotembea nayo ibaki ya matumizi ya siku mbili.

Umefaulu kama mwenzako akishika simu yako ikiwa imefungwa hawezi kusoma ujumbe wowote, na akiihamisha laini kwenye simu yake inamdai namba asiyoijua. Mpe ajaribu kweli, usikisie.

## Hatua ya 2: Safarini

Kutoka Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 500, na safari ndefu huchosha macho. Begi lenye hela na nyaraka likae mapajani au miguuni, kamba yake ukiipitisha kwenye mguu. Lile la juu ya kichwa ni la nguo tu. Mzigo wa kwenye buti chukua tagi yake, na kila basi linaposimama na buti kufunguliwa, teremka utazame.

Kwenye vituo kama Nangurukuru na Lindi wauzaji hukimbilia madirishani. Usinunue ukiwa umeshika simu kwa mkono mwingine. Simu hukwapuliwa pale basi linapoanza kuondoka, kwa sababu aliyeikwapua anajua hutaruka dirishani kumfuata.

Kinywaji na biskuti za jirani wa kiti usiyemjua, shukuru kwa adabu na usile. Watu wamelevywa kwenye mabasi wakaamka wameachwa na nguo walizovaa.

Ukishuka stendi ya Mkanaledi, Mtwara, usitoe simu katikati ya watu ili kutafuta gesti. Ingia kwenye duka au mgahawa, kaa, agiza chai, ndipo upige. Bodaboda au bajaji mkubaliane bei kabla ya kupanda.

## Hatua ya 3: Gesti

Kagua dirisha kabla hujalipa. Nyavu ya mbu na nondo hazimzuii mtu mwenye fimbo ndefu yenye ndoano, na huo ndio wizi wa gesti uliozoeleka zaidi: suruali imening'inizwa karibu na dirisha, wewe umelala, inavuliwa taratibu na kila kilichomo mfukoni. Kitanda, nguo na chaja vikae upande wa pili wa chumba. Kama chumba ni kidogo kiasi kwamba haiwezekani, omba kingine.

Jiandikishe kwenye kitabu cha wageni kwa jina lako la kweli. Likitokea tatizo, hicho ndicho kitakachothibitisha kwamba ulikuwepo.

Ukimwachia mhudumu pasipoti au hela, zihesabuni pamoja, zitiwe kwenye bahasha, ifungwe kwa gundi, na wote wawili msaini juu ya mkunjo. Mhudumu mwaminifu atafurahi, maana bahasha hiyo inamlinda na yeye. Akikataa kusaini, usimwachie.

## Hatua ya 4: Chagua saa kwa kufuata maji

Wageni wengi kutoka bara hawajui kwamba maji ya bahari ndiyo yanayoamua mtakaa wapi na vitu vyenu vitabaki umbali gani. Nataka hili lieleweke vizuri.

Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na robo, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu kunakuwa na bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kimo huweza kupita meta 3. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, ambapo mabadiliko ni madogo.

Siku za bamvua pwani yetu, maji kwa kawaida hupwa mno kwenye saa 4 au 5 asubuhi, na hujaa kwenye saa 10 au 11 jioni. Sasa tazama linalotokea. Familia inafika saa 4, inatandika mkeka karibu na maji, watoto wanaona wanawake wanachokoa pweza mbali kwenye miamba, wote wanawafuata. Vitu vimebaki mita mia mbili nyuma. Saa 8 mchana maji yanarudi kwa kasi, watu wanakimbia kuokoa mkeka, kila mtu anabeba alichokiona, na katika vurugu hiyo begi moja linapotea. Wengine hulaumu vibaka wakati begi limechukuliwa na bahari.

Kwa hiyo:

1. Siku moja kabla, muulize mvuvi au mama anayeuza samaki: "Kesho maji yanajaa saa ngapi?" Atakujibu bila kufikiri, na jibu lake ni sahihi kuliko la programu nyingi.
2. Tandika mkeka juu ya mstari wa majani makavu ya bahari. Mstari huo unaonyesha maji ya mwisho yalifika wapi. Siku za bamvua panda juu zaidi.
3. Panga kuogelea maji yanapokuwa yamejaa au yanakaribia, kwa sababu ndipo unapokuwa karibu na vitu vyako. Siku za maji mafu mara nyingi hiyo huwa ni asubuhi.
4. Kama mnataka kutembea kwenye miamba maji yakiwa yamepwa, gawanyikeni makundi mawili. Vaeni viatu, na mrudi mara tu maji yanapoanza kugeuka, hata kama pweza anaonekana.

Umefaulu kama, mahali popote mtakapokuwa majini, unaweza kumtambua kwa sura aliyekaa kwenye mkeka wenu. Ukimwona kama kivuli tu, umekwenda mbali mno.

## Hatua ya 5: Salimia kabla ya kutandika

Ufukwe una wenyewe. Kuna kamati za BMU, yaani vikundi vya wanakijiji vinavyosimamia uvuvi, kuna mama lishe, kuna mafundi wa mashua, kuna wazee wanaoshona nyavu kivulini. Hawa wanajua kila anayepita na kila asiye wa hapo. Mgeni anayeshuka garini na kutandika bila salamu, wakimwona anaibiwa hawatajua hata kama begi lile lilikuwa lake.

Inatosha kusema: "Shikamoo, mzee. Sisi ni wageni, tumekuja kupumzika na watoto mpaka alasiri. Tukae upande gani?" Utaambiwa upande upi una mkondo, wapi pana miiba, na wapi pasipokalika. Nunua samaki au chai kwa mama aliye karibu na kaa mbele ya macho yake. Tangu hapo una mlezi.

Kwa Msimbati, mji uko mbali na barabara ya huko ina mchanga mwingi. Eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kwa hiyo pita kwenye ofisi ya hifadhi ulipe ada na upewe risiti. Mtu akikudai "ada" njiani bila risiti, mwambie kwa upole utalipia ofisini.

Tahadhari ya mpakani. Mto Ruvuma ndio mpaka wetu na Msumbiji, na Cabo Delgado imekuwa na mapigano tangu Oktoba 2017. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu wa mto, kilishambuliwa. Usifuate ufukwe kuelekea mdomo wa mto kwa ajili ya matembezi au picha. Tembea na nakala ya kitambulisho, na ukitaka kulala vijiji vya huko, jitambulishe kwanza kwa mtendaji wa kijiji. Askari akikusimamisha, mjibu kwa utulivu na usipige picha za vizuizi wala mitambo ya gesi.

## Hatua ya 6: Mlinzi mmoja, kwa jina

Hii ndiyo roho ya mwongozo huu.

Kabla mtu yeyote hajalowa, vitu vyote viingie kwenye ndoo, mfuniko ufungwe, na mtu mmoja akabidhiwe kwa jina lake mbele ya wote. "Dada Halima, ndoo ni yako mpaka saa 5." Naye ajibu kwa sauti: "Nimepokea." Inaonekana kama urasimu usio na maana kwa watu waliokuja kustarehe, lakini maneno hayo mawili hubadilisha kila kitu. Mtu aliyesema amepokea hawezi baadaye kusema alidhani mjomba ndiye anayetazama.

Masharti ya mlinzi:

- Ni mtu mzima. Mtoto wa miaka kumi akiombwa ndoo na mtu mzima atampa, kwa kuwa ndivyo tulivyomfundisha, kutii wakubwa.
- Anaikalia ndoo au ameiweka katikati ya miguu.
- Hachezei simu na hajalala. Zamu ikizidi saa moja macho huchoka, kwa hiyo badilishaneni.
- Hanywi pombe wakati wa zamu.
- Hainuki kwa sababu yoyote mpaka mwingine aseme "nimepokea."

Kuna mbinu chache za kumwinua mlinzi, na ukizijua hazina nguvu. Mtu anaomba kuazima simu apige mara moja, ana shida. Mwambie akutajie namba, wewe umpigie na kuweka sauti ya nje, simu ibaki mkononi mwako. Mwingine anaomba umpige picha kwa simu yake, mwenzake yuko nyuma yako. Wauzaji wawili wanakuja kwa pamoja, mmoja kila upande. Mpira unaangukia kwenye mkeka. Ukisikia kelele ghafla upande mmoja, shika ndoo kwanza, ndipo ugeuke.

Hapa nina ombi la dhati. Watoto wanaopita na ming'oko (viazi pori vya huku), mihogo na korosho wanatafuta ada na daftari, na mara nyingi ndio wa kwanza kutuhumiwa kitu kikipotea. Usiwafukuze. Nunua kwa zile noti ndogo ulizoziweka mfuko wa mbele, waulize majina, ongea nao. Nimeona watoto hao wakikimbia na viatu mkononi kumfuatia mgeni aliyevisahau.

Mko wawili tu? Mmoja anaogelea, mwingine anakaa. Hakuna njia ya tatu.

Uko peke yako? Usishuke na kitu ambacho huwezi kuingia nacho majini. Kitochi na noti chache kwenye mfuko wa shingoni, ufunguo wa chumba uachwe mapokezi, basi. Kuzika simu mchangani kunaiharibu simu, na yupo aliyekuwa anakutazama ukichimba.

Kuhusu gari: usiache kitu kinachoonekana kwenye viti, na usifungue buti kuficha mabegi ukiwa umeshafika ufukweni. Yafiche kabla ya kuondoka gesti. Ufunguo wenye rimoti hauogelei, kwa hiyo uingie kwenye ndoo.

Umefaulu kama wakati wowote ukiuliza "Ndoo ni ya nani sasa?" unapata jina moja, bila mabishano.

## Hatua ya 7: Pantoni, mashua na kurudi

Kwenye vivuko vya Msangamkuu na Kitunda pale Lindi, wizi haufanyiki katikati ya maji. Unafanyika mlangoni, watu wanaposukumana kupanda na kushuka. Subiri msukumano upungue, ndoo iwe mbele ya kifua chako, simu isiwe mfuko wa nyuma.

Ukikodi mashua, hesabu majaketi okozi kabla ya kulipa: kila mtu na lake, watoto wakiwemo. Nahodha akisema watoto watapakatwa, tafuta nahodha mwingine. Majira ya kusi, upepo wa kusini unapovuma, bahari huchafuka upesi, hivyo nahodha akikataa kwenda, mshukuru na usimwongezee hela.

Jua la huku huzama mapema, kati ya saa 12 na saa 1 kasoro kutegemea mwezi. Anza kufungasha saa 11. Mlinzi wa mwisho anafungua ndoo, anataja kitu kimoja kimoja, mwenyewe anapokea. Vikihesabiwa gizani, kitu kilichobaki mchangani hakionekani. Usiku usitembee ufukweni, hata Shangani au Jimbizi ya Kilwa Masoko ambako mchana kuna watu wengi.

## Hatua ya 8: Ukiibiwa, nusu saa ya kwanza

Fuata mpangilio huu. Watu wengi huanza na kumkimbiza mwizi na kumalizia na laini, na katika muda huo hela zimeshahamishwa.

1. Usikimbize, na fikiri kabla ya kupiga kelele ya "mwizi!" Neno hilo kwetu limeua watu, na wamo wasiokuwa na hatia. Simu haina thamani ya uhai wa kijana wa mtu. Piga filimbi, ita wenzako, waambie wazee wa ufukweni na BMU kilichopotea na aliyeonekana. Akikamatwa, simama uzuie asipigwe na uwaite polisi kwa 112.

2. Funga laini na huduma ya pesa. Piga 100. Namba hii inakupeleka kwenye mtandao wa laini unayopigia, ndiyo maana nilisema kitochi kiwe cha mtandao uleule. Kama huna, omba simu ya mtu wa mtandao huo au nenda kwa wakala wake wa karibu. Sema wazi mambo mawili: laini ifungwe, na akaunti ya pesa ifungwe. Watakuuliza majina, namba ya NIDA, na pengine muamala wa mwisho.

3. Piga benki wafunge kadi na huduma ya benki ya kwenye simu.

4. Ifunge simu kwa mbali ukitumia huduma uliyoiwasha hatua ya 1, kisha badilisha nywila ya barua pepe. Ukiona ramani inaonyesha simu iko nyumba fulani, usiende peke yako. Ipeleke ramani hiyo polisi.

5. Waambie ndugu wawili wa kwenye karatasi. Waeneze kwenye makundi ya familia kwamba laini imeibwa. Ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" huanza mapema, na mama zetu ndio wanaojibu haraka. Namba yoyote inayotuma ujumbe kama huo, itume kwa ujumbe kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli.

6. Nenda kituo cha polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Peleka IMEI na nakala ya kitambulisho. Usiseme "nimepoteza" kama umeibiwa, kwa kuwa hayo ni maelezo mawili tofauti na yanashughulikiwa tofauti. Kabla hujaondoka, soma kilichoandikwa na uhakikishe IMEI haikukosewa hata tarakimu moja.

Mgeni wa nje aliyepoteza pasipoti anaihitaji RB hiyo zaidi ya yeyote, kwa sababu ubalozi wake utaidai, na balozi nyingi ziko Dar es Salaam, safari ya siku nzima kutoka hapa. Piga simu ubalozini na upite ofisi ya Uhamiaji ya mkoa kabla ya kupanda basi.

7. Rudisha laini. Nenda duka la mtandao wako na namba ya NIDA. Watachukua alama za vidole na kukupa laini mpya yenye namba yako ileile. Ikishawaka, kabla ya kitu kingine chochote, badilisha namba ya siri ya pesa na uweke tena namba ya siri ya laini.

Katika siku chache zinazofuata huenda ukapigiwa na mtu anayesema simu yako anayo, umtumie nauli ailete. Usitume. Mwambie mkutane kituo cha polisi ulichochukulia RB, na zawadi yake utampa hapo hapo.

Baada ya wiki moja piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiikuta namba usiyoijua, nenda kwenye mtandao husika na RB yako mkononi, waiondoe siku hiyohiyo.